Mpiga Besi Apumue Wapi

London, 4 Oktoba

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Mama, na kwamba goti limeacha kukusumbua ngazini. Mimi huku sijambo, ila tangu asubuhi sijatulia. Nimechemsha chai mara nyingi na hakuna kikombe nilichokimaliza.

Kaa chini kwanza. Umekaa? Haya. Kuna jambo nimekuficha tangu majira ya kuchipua, na unajua siri kwangu haikai. Chama cha mashindano ya bendi za tarumbeta kiliniomba nitunge muziki wa mashindano ya Machi. Ndiyo, hayohayo yenu ya Huddersfield, ya daraja lenu. Leo wametangaza. Bendi zote za daraja la pili katika Yorkshire zitapiga kitu kimoja tu siku hiyo, na kitu hicho nimekitunga mimi, Hester Barraclough, binti wa Arnold wa Skelby, mpiga besi, tarumbeta kubwa kuliko zote.

Baba, nimetungia okestra za watu waliovaa suti nyeusi. Nimetungia kwaya za makanisa makuu. Ile opera yangu ya wanawake wa dobi imechezwa mpaka Denmark. Hakuna hata kimoja kilichoniogopesha namna hii. Wasikilizaji wa kule hupiga makofi wakaenda kula. Watu wa bendi watakaa na noti zangu majira yote ya baridi, wakizitukana kila Alhamisi.

Najua unachowaza. Unawaza siku ile ulipokuja kusikiliza kazi yangu hapa London, ukaniambia mbele ya wenzangu kwamba umependa sana mwisho, maana hapo ndipo sahani zilipoacha kuanguka. Sikukusamehe mwaka mzima. Sasa ni zamu yako, mzee wangu. Sahani hizi utazipiga mwenyewe, utake usitake.

Ila kuna sharti. Nimetia sahihi kwamba sitazungumza na mtu wa bendi yoyote kuhusu namna ya kuupiga muziki huu mpaka mashindano yaishe. Mtu wa bendi ni pamoja na wewe. Usiniulize kwa barua, wala usimtume Mama aniulize kwa simu. Waamuzi wenu mnawafungia ndani ya hema katikati ya ukumbi kama kuku wanaotaga, wasione nani anapiga, yote kwa ajili ya haki. Basi na mimi nitafunga mdomo.

Nisalimie Mama, umwambie asinunue kofia mpya bado.

Binti yako,
Hester


Skelby, 9 Oktoba

Mwanangu Hester,

Marahaba. Barua yako imetukuta wazima. Goti ni goti. Mama yako anakusalimu. Alilia kidogo akasema ni kitunguu, na jikoni hakukuwa na kitunguu. Kofia ameshanunua.

Nimeisoma nimesimama, maana mimi siamrishwi kukaa na mtoto niliyemfunga kamba za viatu. Kisha nikakaa. Nakuandikia kwa kalamu, si kwa simu, kwa sababu kwenye simu mimi ni bubu na unalijua hilo. Nikishakata ndipo maneno yanakuja.

Alhamisi nikaipeleka mazoezini nikawasomea. Bwana Tordoff, kiongozi wetu, ambaye uso wake haubadiliki hata nyumba ikiungua, alivua miwani akaifuta. Wapiga tarumbeta ndogo walinishangilia, halafu mmoja akauliza kama kila mtu aje na sahani zake kutoka nyumbani. Hadithi ile wote wanaijua, kwa kuwa niliwasimulia mimi. Aliyetulia ni Lorna Crowther peke yake, yule daktari wa meno anayekaa kiti cha pili cha besi, ubavuni kwangu. Alisema, "Tutaona kama anatupenda."

Sasa nikwambie na mimi langu. Machi hii ni ya mwisho kwangu. Nimeshamwambia Tordoff. Pumzi haziji kama zamani. Nikipanda mtaa wa kanisa nasimama mara mbili nikijifanya natazama maua ya watu. Nilikuwa nimepanga niondoke kimyakimya, nipige yale ya chini kama siku zote, kisha niipeleke besi kabatini. Halafu unaniletea habari hii. Kumaliza na muziki wa mwanangu mwenyewe, nani alipata bahati hiyo hapa bondeni? Nimetembea mji mzima leo bila sababu, nikisubiri watu waniulize habari yako.

Usitutungie mambo ya ajabu. Na kama umeshayatunga, basi.

Baba yako


Skelby, 14 Desemba

Mwanangu Hester,

Hatujambo. Mama yako ameoka parkin, na kipande chako cha keki hiyo ya tangawizi kimo kwenye kifurushi hiki. Usikile chote siku moja. Salamu zimekwisha, sasa nisikilize. Noti zimefika.

Ukurasa wa kwanza tuliupiga kama watu wanaoteremsha kabati kwenye ngazi zenye barafu. Tordoff alisimamisha bendi, tukaanza, akasimamisha tena. Lakini sikusikia sahani, Hester. Nilisikia viwanda. Nilisikia Skelby ya ujana wangu, asubuhi mashine za kufuma zinapoanza moja baada ya nyingine, bonde zima linaunguruma. Nilitaka kumwambia mtu ila mdomo ulikuwa kazini.

Halafu tukafika ukurasa wa tatu. Bendi nzima inanyamaza, na besi ya kwanza inabaki peke yake na wimbo. Nani humpa besi wimbo? Maisha yangu yote nimepiga pom, pom, chini ya wengine kama nguzo chini ya daraja, na nani hupita darajani akatazama nguzo? Wote waligeuka kunitazama. Kiti cha besi ya kwanza ni changu na unajua ni changu. Sikuulizi kama umeniandikia mimi, sharti ni sharti. Nasema tu kwamba mtu mwenye akili zake atajiuliza.

Nikapiga. Ni wimbo mzuri mpaka unatia woga. Nikafika nusu nikazimika. Nikarudia, nikazimika palepale. Umeuandika kama kamba ndefu isiyo na fundo, na wewe unajua kwetu pumzi ya mpigaji haisikiki. Tunafundishwa tangu wadogo kuiiba, hapa kidogo, pale kidogo, ili mwamuzi hemani asijue kama na sisi tunapumua. Humu hakuna pa kuiba.

Tordoff akaniita pembeni kwa upole, na Tordoff akiwa mpole ujue kuna msiba. Akasema Lorna anaogelea kila siku, ana mapafu ya farasi, na yeye ana noti zilezile na besi ileile. "Arnold," akasema, "hemani watasikia besi tu. Hawatajua ni ya nani." Ni kweli. Kila bendi hufanya hivyo, vipande vigumu hupitishwa chini kwa chini kwa anayeviweza, wala si aibu. Nikamwomba anipe mpaka Januari.

Najua nilichoahidi. Ila nakuuliza kama baba, si kama mtu wa bendi. Mpiga besi apumue wapi?

Baba yako


London, 18 Desemba

Baba mpendwa,

Shikamoo. Parkin imefika, nimeila yote siku moja, na nikiumwa tumbo nimejitakia. Mama apewe pongezi.

Sasa nitakupa habari za hali ya hewa. London kuna mvua. Jana pia kulikuwa na mvua. Jirani yangu amenunua baiskeli ya njano na hajui kuipanda. Unaona ninavyojibana? Nikiongeza neno moja kuhusu ukurasa wa tatu nitakuwa nimezidanganya bendi zote za Yorkshire, na wewe ndiye uliyenifundisha kutodanganya, kwa hiyo jilaumu.

Lakini hili naruhusiwa. Barua yako niliifungulia posta, nikakaa kwenye ngazi nikicheka peke yangu mpaka mama mmoja akaniuliza kama mimi ni mzima. Ulisikia viwanda! Wakosoaji wa magazeti wamekuwa wakiandika juu ya kazi zangu tangu nilipoanza. Mmoja alisikia barafu, mwingine vita, mwingine nadhani alisikia ndoa yake mwenyewe inavunjika. Hakuna aliyewahi kusikia viwanda, na vimo katika kila nilichotunga. Nilidhani nitakufa bila mtu kuvisikia.

Lile swali lako la mwisho sikulisoma. Ila swali kama lile, akiwa nalo mmoja, huenda wanalo wengi, na mtunzi anaruhusiwa kukiandikia chama ili bendi zote zipate jibu moja kwa pamoja. Mimi nimenyamaza.

Krismasi nakuja. Tutazungumza juu ya bata mzinga tu.

Binti yako,
Hester


Skelby, 20 Januari

Hester,

Hapa wazima.

Karatasi ya chama imefika, kwetu na kwa bendi zote. Tordoff aliisoma kwa sauti. "Ukurasa wa tatu: mpigaji wa besi apumue popote anapohitaji, na pumzi isikike." Mtunzi ndiye aliyeagiza.

Ijumaa niliingia baa kula pai na mbaazi zangu. Walikuwepo watu wa bendi ya Ossgate. Niliposhika kitasa cha mlango wote wakavuta hewa kwa kelele, kama watu waliozamia wakaibuka, na baa nzima ikacheka. Hakuna asiyejua nani ni binti wa nani, wala nani anasimama mtaa wa kanisa kutazama maua.

Kwa mwingine huo ni utani. Mimi nimepiga besi karibu miaka hamsini, na hakuna mwamuzi hata mmoja aliyewahi kuandika kwamba alinisikia nikipumua. Sina kombe la jina langu. Sikupewa wimbo. Nilikuwa na hilo tu. Na wewe umewaandikia Yorkshire nzima, kwa nakala, kwamba baba yako kaishiwa na wamvumilie.

Nimemwambia Tordoff ampe Lorna. Alikubali upesi kuliko nilivyotaka.

Machi usije. Nikiona uso wako pale mbele unanihurumia, hata pom-pom zitanishinda.

Arnold


London, 23 Januari

Baba,

Shikamoo, utake usitake. Barua yako ina sahihi ya mtu anayeitwa Arnold. Mimi simjui Arnold, namwandikia baba yangu, na natumaini ni mzima na anakula vizuri.

Nimekasirika, na bora nikwambie kuliko kununa. Huruma? Ningekuhurumia ningekuandikia pom-pom.

Unakumbuka Mama alipokuwa zamu ya jioni, ukawa unanipeleka mazoezini? Ulikuwa ukinilaza ndani ya sanduku la besi, nyuma ya kiti chako, juu ya koti lako. Bendi sikuiona hata siku moja. Nilichoona ni mgongo wako. Kabla ya kila sauti niliuona unapanuka, nikasikia haaa, kisha sakafu yote ikatetemeka chini yangu. Kwangu mimi muziki ulianza hapo, kwenye ile haaa, kabla hujapiga noti yenyewe. Waamuzi hawakukusikia kwa sababu walikuwa mbali. Mimi nilikuwa nyuma yako.

Nilipoandika ukurasa wa tatu, zile pumzi nilizisikia kichwani kila mahali, kubwa kabisa, hata sikuona haja ya kuziandika. Nilifanya kama mtu anayetoa mapishi akasahau kusema washa moto. Kumbe watu wote walilelewa mbele ya bendi, ni mimi tu niliyelelewa nyuma. Barua yako ndiyo iliyonifumbua macho. Karatasi ile sikuiandika ili kukurahisishia wimbo. Niliandika kilichokuwemo tangu siku ya kwanza, na kama ningekuwa mtunzi makini zaidi kingekuwa kwenye noti na wewe ungekula pai yako kwa amani. Kwa hilo la baa naomba radhi. Kwa hilo tu.

Mpe Lorna ukitaka. Wimbo umeletwa kwenye kiti chako, na aliyepewa zawadi ana haki ya kuitoa. Ila usiseme unaitoa kwa sababu niliona umechoka. Nilitaka watu wasikie nilichokisikia mimi.

Ukumbini sitaingia. Umekataza, nimesikia.

Binti yako, upende usipende,
Hester


London, 21 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mko salama. Hii ni barua ya tatu, na mbili za kwanza hujazijibu. Ile ya kadi yenye picha ya bata uliipata?

Nilimpigia Mama Jumapili. Nikamuuliza unaendeleaje, akasema vizuri. Nikamuuliza upo wapi saa hizi za asubuhi, akasema nje. Nikauliza nje wapi, akaanza kunieleza bei ya samaki. Mama hajui kuficha, ila safari hii amejitahidi. Kama unaumwa niambie. Hasira niliyokuwa nayo imekwisha, imebaki hamu ya kukusikia.

Binti yako,
Hester


Huddersfield, kituo cha treni, 9 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia kwenye benchi, treni yangu imechelewa. Usikasirike. Nilisema sitaingia ukumbini na sikuingia. Nilisimama koridoni.

Mlango wa pembeni unalindwa na Bi. Maureen, mama mmoja mwenye kiti chake cha kukunja na mfuko wa pipi za mnanaa. Bendi ikianza kupiga anaufunga, na hapo haingii mtu hata akija na taji kichwani. Aliniuliza mimi ni wa bendi gani, nikasema si wa bendi, naupenda muziki tu. Akanipa pipi. Akasema wa mwaka huu umetungwa na mtu wa hukuhuku, ila ni mgumu, kila mpiga besi anayetoka anatoka mwekundu kama nyanya. Nikasema maskini.

Nilizisikia bendi zote sikio likiwa mlangoni. Wengine waliiba pumzi zao kama kawaida, wakaogopa karatasi yangu. Wale Ossgate wako, ambao nilikuja nikiwachukia, walipumua kama ng'ombe mtoni, wazi kabisa, na nikawapenda papo hapo. Kazi yangu ilikuwa hai, Baba. Sijawahi kuisikia hivi kwa okestra yoyote. Nilikuwa narukaruka koridoni, mwanamke mzima wa miaka arobaini.

Kisha Bi. Maureen akatazama karatasi yake akasema, hawa ni Skelby. Sijui aliona nini usoni mwangu, maana aliuacha mlango wazi kidogo, upana wa kidole, akijifanya anakagua bawaba. Mimi nikageuka nikatazama ukuta, kwa kuwa ahadi ni ahadi.

Viwanda vikaanza, vizuri, vizuri sana. Ukurasa wa tatu ukafika, bendi ikanyamaza. Besi ikaingia peke yake. Nikaisubiri pumzi. Haikuja. Wimbo ukaenda, ukaenda, ukapita pale ulipozimika wewe, ukapita na pale ambapo nilidhani binadamu hawezi kupita, kamba moja mpaka mwisho, laini kama mafuta. Hapo nikajua umempa Lorna kweli.

Nililia, sitakuficha. Nimeweka kimya pale baada ya wimbo, kabla bendi haijarudi, na katika kimya kile nikasikia mtu anavuta pumzi ndefu, nzito, ya kutoka tumboni. Nikadhani ni Bi. Maureen ameniona na machozi akanisikitikia. Nikamshika bega nikamwambia asante. Akanitazama kama haelewi nashukuru nini. Nikaondoka, sikungoja matokeo.

Mpe Lorna pongezi zangu, kapiga kama malaika. Wala usidhani nimekukasirikia. Wimbo ulikuwa wako na ulifanya nao ulivyoona. Ningefurahi kuisikia pumzi yako mara moja tu, basi. Treni hiyo inakuja.

Binti yako,
Hester


Skelby, 10 Machi

Mwanangu Hester,

Marahaba, marahaba nyingi, kwa barua zako zote tatu nilizokaa nazo bila kujibu. Hatujambo kabisa. Mama yako anaimba jikoni tangu asubuhi na kofia yake mpya kichwani. Tumeshika nafasi ya pili, tunakwenda fainali. Tordoff alinikumbatia mbele za watu, kisha akajishangaa. Ossgate ni wa nne. Hayo ni ya pembeni, lakini nisingeweza kuyaacha.

Barua yako ya Januari niliiweka mfukoni mwa koti siku kadhaa, nikiitoa nikiirudisha. Kisha nikampelekea Lorna noti za ukurasa wa tatu nyumbani kwake, rasmi. Hakuzipokea. "Arnold," akasema, "mimi kazi yangu ni kung'oa meno ya watu, siyo nyimbo zao. Una nguo ya kuogelea?"

Sikuwa nayo. Mama yako akaninunulia, ya bluu, inabana. Basi kila asubuhi, Lorna kabla hajagusa meno ya mtu, tulikuwa kwenye bwawa la manispaa. Ananishikisha bomba la ngazi, nazama, nabana pumzi, naupiga wimbo wako kichwani chini ya maji. Siku moja nilifika mbali mpaka mlinzi kijana wa bwawa akajitosa na viatu vyake kuniokoa. Tukagombana, mimi na yeye, tukielea. Mama yako nilimwapisha asikwambie. Na sikukuandikia kwa sababu sikujua kama nitaweza, na nusu ya ahadi sikutaka kukupa.

Jana niliupiga mimi. Mwanzo mpaka mwisho, kwa pumzi moja. Palepale nilipokuwa nazimika nikapita kama napita dukani asubuhi. Lorna ubavuni kwangu ameishusha besi yake, machozi yanamtoka, hakupiga hata noti. Nilitaka Ossgate wajue, na nilitaka wewe ujue kwamba baba yako hajaishiwa. Hilo lilikuwa langu.

Halafu kikaja kile kimya chako. Bendi imenyamaza, ukumbi umenyamaza, waamuzi wamo hemani na kalamu zao. Nilikuwa nimeshinda, Hester. Ningeweza kuiiba hapo kwa urahisi kabisa, hakuna ambaye angejua. Nikakumbuka mtoto aliyelala ndani ya sanduku nyuma yangu. Nikaivuta pumzi yote, kwa mdomo wazi, kwa nguvu niliyokuwa nayo, makusudi, nikaiacha isikike mpaka milangoni. Mwamuzi mmoja ameandika kwenye karatasi yetu kwamba besi ya kwanza ni bora kuliko zote za leo, ila pumzi yake ilisikika mno. Nimemsomea Mama yako mara mbili.

Ile pumzi ilikuwa yako. Na kosa langu ni moja, kwamba nilikukataza kuja, maana jana watu wote wa Huddersfield waliisikia isipokuwa wewe ambaye niliivuta kwa ajili yako.

Baba yako